Amri Isiyorudiwa

2 Februari

Mwanangu,

Marahaba ya ile shikamoo uliyoituma kwa simu. Niliisoma, ingawa herufi zilikuwa ndogo kama sisimizi. Sisi hatujambo. Mama yako goti linamsumbua asubuhi, mchana linamwachia, jioni linarudi kumkumbusha kwamba bado lipo. Kila nikimkanda ananiambia nina mikono ya kufungia nanga. Nawe je? Baridi imepungua? Wazee unaowauguza huko wanakula vizuri, au yule mmoja bado anakutupia kijiko?

Unauliza kwa nini sipokei simu zako. Simu hii ina mikwaruzo, mwanangu, ni kama mtu anakaanga samaki ndani yake. Tuandikiane barua.

Hapa mtaani tumemaliza paa la mjane wa yule mwenzangu tuliyetumikia naye meli moja. Jumamosi nafundisha watoto kuogelea kwenye kina kifupi, kama kawaida. Na kikosi chetu cha uokoaji kiko tayari kwa mvua. Zikija kama za mwaka jana, magari yatatumbukia tena pale daraja la chini, maana barabara haijatengenezwa na madereva hawajaongezewa akili. Winchi, ile ya kuvutia kamba, tumeipaka grisi, kamba tumeianika na kuikagua yote. Bonge, yule wa buchani, ndiye msaidizi wangu. Mtu mwema, ila ana tabia inayonichosha: kila nikishika winchi anakuja kusimama mbele yangu kama nguzo, ananikazia macho, anarusha mikono huku anapayuka. Nimemwambia mimi si ng'ombe wake. Hasikii.

Sasa la maana. Mwanao, ambaye mtaa mzima siku hizi unamwita Samaki, ndiye anayeingia majini na kamba kiunoni. Hakuna mwanamume hapa anayemfikia. Ameomba kujiunga na Jeshi la Wanamaji kama babu yake, na mwezi wa sita wanapima afya. Najua hutaki. Umekulia bandarini ukimsubiri baba ambaye akirudi hajui mtoto wake amefika darasa la ngapi. Lakini miaka hii yote uko mbali, sisi ndio tumemlea, na tunamjua. Usimkatishe tamaa kabla ya vipimo.

Sheria ya nyumba hii unaijua toka nilipokuwa nakutuma chumvi. Melini mtu akikwambia "legeza", unajibu kwanza "legeza", ndipo unalegeza. Amri isiyorudiwa haijapokewa.

Rudia.

Baba yako

*

20 Februari

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Baridi bado ipo, na kijiko bado kinarushwa, ila sasa nimejifunza kuinama. Goti la Mama mpakeni ile dawa niliyoleta, msiiweke kabatini kama pambo.

Nimepokea: nisimkatishe tamaa Samaki kabla ya vipimo. Nimerudia. Sijasema nimefurahi.

Sasa zamu yangu. Simu yako haina mikwaruzo, Baba. Mara ya mwisho nilikuuliza goti la Mama linaendeleaje, ukanijibu kwamba imenyesha tangu alfajiri. Nikauliza tena. Ukacheka, ukasema "sawa sawa". Mimi nashinda na wazee kutwa nzima. Hiyo "sawa sawa" naijua. Ni ya mtu ambaye hajasikia swali na hataki kuuliza tena.

Ni ule mzinga wa mbele wa meli yenu ya kivita. Miaka yote ile ulisimama kando yake na pamba masikioni, ukirudi nyumbani tunakuita mara tatu kabla hujageuka. Tulizoea kukucheka. Sasa sicheki, kwa sababu mwanangu akiwa majini, ncha moja ya kamba iko kiunoni mwake na nyingine iko mkononi mwako. Akiita "legeza", atakayesikia ni nani?

Sikuombi uache kikosi. Kaa ukingoni, fundisha, kagua mafundo, wagombeze upendavyo. Lakini waambie kwamba husikii, na winchi ashike mwingine.

Rudia.

Mwanao

*

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa imelowa pembeni lakini inasomeka, tena inasomeka mno.

Sikio la kushoto limechoka kidogo. La kulia linajitahidi. Ndivyo ilivyo kwa kila mtu wa umri wangu aliyewahi kufanya kazi ya wanaume. Na winchi, mwanangu, haishikwi kwa masikio. Kamba inasema mkononi. Ikikaza naijua, ikilegea naijua, ikiwa na mtu naijua na ikiwa na gogo naijua. Nimewavuta watu wengi kutoka baharini usiku na mchana, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nimemsikia vizuri.

Kumbuka pia kikosi hiki kilikuwa nini. Walikuwa watu wanaosimama darajani wakipiga picha gari likizama. Leo kila mmoja anajua mahali pake. Amri inatolewa, inarudiwa, inatekelezwa. Winchi ina mtu mmoja na hakuna mwingine anayeigusa, kwa sababu mikono miwili yenye mawazo mawili kwenye winchi moja ndiyo inayoua. Hayo niliwafundisha mimi. Nikisimama leo niseme sisikii, kesho ni yule mzee wa barazani anayepayukiwa na watoto wa shule, "Babu! Ba-bu!"

Na kama unawaza kumpigia Bonge simu, ujue utakuwa umenivua sare mbele za watu.

Mama yako anakusalimu. Alisoma barua yako yote, akapiga meza, hakusema neno. Au labda alisema.

Samaki anakimbia kila alfajiri. Amekuwa mwembamba na mwepesi, na anakula kama kikosi kizima.

Baba yako

*

29 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini Mama anatembea.

Hukurudia.

Nimesoma barua yako kuanzia salamu hadi jina nikitafuta sentensi moja, sikuiona. Umejibu kuhusu kamba, kuhusu bahari, kuhusu watoto wa shule. Kwa sheria yako mwenyewe, amri yangu bado haijapokewa. Kwa hiyo naitoa tena, kama unavyowafundisha watu wako: waambie husikii. Winchi ashike mwingine.

Nimesoma kwenye simu kwamba mvua zimeanza kwenu. Usipowaambia, nitampigia Bonge.

Rudia, Baba. Tafadhali.

Mwanao

*

2 Mei

Baba,

Hamjambo? Barua yangu ya mwezi wa tatu hujaijibu. Mama nikimpigia ananiambia mtandao mbaya, kisha mtandao unakuwa mbaya kweli.

Jana Samaki ameniletea ujumbe: "Mama usiwe na wasiwasi, niko salama, ni vidole tu." Nimempigia, hapokei. Vidole tu ni nini? Vya nani? Nimeshindwa kumlisha mzee mmoja hapa, mpaka msimamizi amenitoa chumbani.

Sitaki salamu wala habari za paa la mtu. Niandikie kilichotokea.

Mwanao

*

9 Mei

Mwanangu,

Mwanao yu hai, anakula, na amerudi nyumbani. Hilo lisome kwanza.

Yaliyobaki nakuandikia kama nilivyokuwa nikiandika taarifa kwa nahodha: kwa mpangilio, bila kupamba.

Mchana wa Jumanne ya mwisho ya Aprili maji yalipanda juu ya daraja la chini. Gari dogo la mizigo lilijaribu kuvuka, likasukumwa, likanasa kwenye reli ya chuma ya daraja. Dereva alipanda juu ya bodi. Tulifika mapema. Samaki aliingia na kamba kiunoni, akamfikia dereva, akamfunga kwenye kamba ileile mbele yake. Vyote vilikwenda sawa. Bonge alikuwa mbele yangu kama kawaida yake. Akapunga mkono: vuta. Nikarudia, "Vuta." Nikaanza kuvuta. Bonge akashuka majini kumpokea dereva, maana ni mtu mzito na vijana wangeshindwa kumbeba.

Kwa hiyo mbele yangu hakukuwa na mtu. Niliinamia winchi.

Dereva aliingiwa na hofu, akamkumbatia Samaki shingoni. Samaki akashika reli ili wasizame. Kamba ikapita juu ya mkono wake wa kushoto, ikaubana kwenye chuma. Akaita, "Legeza!"

Nilikuandikia kwamba kamba inasema mkononi. Ilisema. Ilisema imekaza. Haikusema imekazwa na nini. Nilidhani ni uzito wa watu wawili na maji, nikaongeza nguvu.

Watu wote ukingoni walikuwa wanaita "legeza". Haya nimeyajua baadaye. Hakuna aliyegusa winchi. Sheria ni yangu: winchi ina mtu mmoja, na asiporudia amri, mnaitoa tena mpaka airudie. Wakaitoa tena. Na tena. Walisimama mahali pao, kila mtu pake, kama nilivyowapanga, wakingoja nirudie.

Aliyenisimamisha ni mwanamke aliyekuwa anapita na ndoo ya nyanya. Hayumo kikosini, hajui sheria yetu hata moja. Aliitupa ndoo, akanidaka mkono kwa mikono yake miwili. Nilimgeukia kwa hasira. Ndipo nikaona vinywa vya watu.

Dereva hana hata mkwaruzo. Samaki amekatwa vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha pete na cha mwisho. Daktari anasema kidonda ni safi.

Pale hospitali kikosi kizima kilikuja. Samaki aliwaambia kamba iliteleza kwenye chuma, basi. Alipokuwa akisema hakuwatazama wao. Alinitazama mimi, akasema polepole, midomo ikifunguka vizuri, ili nimsome. Sikujua kwamba anajua.

Jeshi hawatamchukua. Fomu za vipimo amezitoa ukutani mwenyewe.

Barua yako ya Machi ilifika. Ilikuwa mfukoni mwangu siku hiyo.

Baba yako

*

24 Mei

Baba,

Shikamoo. Mama mwambie nimepokea simu yake na nimeelewa kwa nini alikuwa analia badala ya kusema.

Nimeisoma taarifa yako. Nashukuru hukupamba.

Nilitaka Samaki asiende jeshini. Nilikuwa namwomba Mungu itokee sababu yoyote ya kumzuia. Nilisema "yoyote". Sasa sijui nimwambie nini nikiwa na hilo kinywani.

Na kuna lingine. Sikumpigia Bonge. Nilikuandikia kwamba nitampigia, nikashika simu, nikalitafuta jina lake, nikaliona. Kisha nikakuona wewe umevuliwa sare mbele za watu, nikaiweka chini. Nilifanya hivyo zaidi ya mara moja. Niliiona aibu yako kabla sijauona mkono wa mwanangu. Kwa hiyo sikuandikii kama hakimu.

Lakini huyo mtoto amekudanganyia mtaa mzima, tena akiwa na bandeji. Ukiuacha uongo huo usimame, atabeba mkono ule na atabeba na uongo. Na mvua nyingine zitakuja, na mtarudi pale mtoni na sheria ileile na masikio yaleyale, na kwenye kamba atakuwa mtoto wa mtu mwingine.

Naitoa kwa mara ya mwisho, sitaitoa tena: waambie.

Mwanao

*

15 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na hamjambo wote huko.

Nimepokea: niwaambie. Nimewaambia.

Niliwaita Jumapili chumba cha nyuma cha bucha, tunakotunza kamba. Walikuja wote. Mama yako naye alikuja, pamoja na goti lake, akakalia kreti ya soda karibu na mlango. Samaki alisimama kwenye kona, mkono umefungwa. Nilivaa ile sare yangu ya zamani. Unacheka? Haifungi tumboni. Niliivaa kwa sababu nilitaka niivue mwenyewe.

Nikasema: "Mimi sisikii. Kamba haikuteleza. Samaki aliita, nanyi mliita, na mimi sikusikia. Nimekuwa hivyo kwa muda, nikawaficha."

Kukawa kimya. Kwangu kila kitu ni kimya siku hizi, lakini ukimya huu niliuona.

Bonge akaja kusimama mbele yangu, kama nguzo, pale pale anaposimama siku zote. Akasema, "Mzee, tunajua."

"Tangu lini?"

"Tangu mafuriko ya mwaka juzi. We unafikiri kwa nini nakujia usoni kila siku? Naipenda sana hii sura?"

Watu wakacheka. Nikawauliza wengine, mmoja mmoja. Fundi cherehani akaitikia kwa kichwa. Kinyozi akaitikia. Yule mwalimu akatazama viatu vyake, akaniambia hata wale watoto wa Jumamosi wanajua, ndiyo maana wakitaka kutoka majini wananyoosha mikono juu. Mimi nilidhani ni nidhamu niliyowapa. Mama yako akapiga kreti kwa kiganja. Nikamgeukia. Akasema, "Mimi ndiye niliyemwambia Bonge. Nilimwambia akusimamie mbele, asikuache."

Utadhani nilifarijika. Mtaa mzima umenitunzia heshima yangu miaka miwili! Mwanangu, sijawahi kukasirika vile, hata melini. Niliwauliza: "Yaani mlijua kiziwi ameshika winchi, na mtoto yuko kwenye kamba, mkanyamaza?"

Bonge akasema, "Sasa nani angekuambia, Mzee?"

Nikamwambia, "Yule wa nyanya. Yeye hakuniheshimu."

Bonge alikaa chini, juu ya gunia, akajifunika uso kwa aproni yake. Nilimwacha. Nilikuwa na cha kwangu cha kubeba.

Nikavua koti, nikalikunja. Nikavua shingoni filimbi ya kiongozi wa kikosi. Tukabadilisha sheria papo hapo: mtu yeyote, awe wa kikosi au mpita njia, akiita "simama", kila kitu kinasimama, na asiposikilizwa ashike winchi kwa mkono wake. Kisha nikauliza nani anaichukua filimbi. Walimtazama Samaki. Hakuja mara moja. Alikaa kwenye kona yake akinitazama, na sikujua anaona nini. Mwishowe akaja, akaichukua kwa mkono ule mzima, akaivaa.

Amri yake ya kwanza ilikuwa kwangu. Nilikuwa nimesimama katikati ya kamba iliyokunjwa sakafuni, jambo ambalo nimewagombeza wote kwa ajili yake tangu siku ya kwanza.

"Babu," akasema, taratibu, nimwone mdomo. "Toka hapo."

Nikarudia: "Nitoke hapo." Nikatoka.

Yule mama wa nyanya tulimwalika aingie kikosini. Amejibu kwamba atafikiria, ila kwanza anaitaka ndoo yake.

Sasa, mwanangu, Samaki haongei nami kuhusu mkono. Anaongea kuhusu kamba, chakula na goti la bibi yake. Usiku nikipita mlangoni kwake naona mwanga chini ya mlango. Nakuomba matatu. Njoo likizo hii, usingoje mwaka mwingine. Ukiwa naye, usimwambie kwamba ni heri hakwenda jeshini; hata kama unaona hivyo, mezea. Na ukitaka kusema nami, simama mbele yangu, mahali penye mwanga.

Rudia.

Baba yako

*

1 Julai

Baba,

Shikamoo.

Nimepokea: nije likizo hii. Nisimwambie ni heri. Nisimame mbele yako, mahali penye mwanga.

Tiketi ni ya tarehe nane Agosti, nitafika mchana. Acheni mlango wazi. Nitabisha hodi kama nilivyofundishwa, lakini usingoje kuisikia.

Mwanao